Habari za Kupima Mafuta kwa Chombo na kwa Mizani

Katika masoko ya nchi yetu mafuta hupimwa kwa namna mbili. Mwenye duka dogo huyamimina kwa kikopo au kwa chupa, na mwenye kuuza kwa jumla pengine huyauza kwa kilo. Kati ya namna hizi mbili pana nafasi ndogo, na katika nafasi hiyo fedha za maskini zimepotea tangu zamani, wala si lazima kuwe na mwizi. Yatosha kuwapo watu wawili wasiojua hesabu, mmoja akiwa na chombo na mwingine akiwa na mizani.

Wengi wadhani kwamba lita moja ya mafuta ni kilo moja ya mafuta. Sivyo. Lita moja ya maji ni kilo moja, lakini lita ya mafuta ya ufuta ni yapata gramu 920 tu. Mafuta ya karanga, ya nazi na ya alizeti hayapishani nayo sana. Ndiyo sababu mafuta huelea juu ya maji, jambo ambalo kila mama ameliona chunguni tangu utoto wake. Basi mtu akinunua dumu la lita 20, akalipa bei ya kilo 20, amelipia kilo 1 na gramu 600 ambazo hazimo chomboni. Kwa mtu anayenunua dumu moja kwa mwaka si neno kubwa. Kwa mwenye kibanda, anayenunua kila juma na kuuza kikopo kwa kikopo, ndiyo faida yake yote.

Nimeona vema kueleza jambo hili kwa habari zake za kale, maana si geni. Watu walilijua kabla ya kuwapo kilo wala lita duniani.

Tufungue kwanza Kitabu cha Kutoka, sura ya 30, mahali Musa alipoagizwa kutengeneza mafuta ya kupaka. Manemane yalitakiwa kwa shekeli 500, mdalasini 250, kane 250, kida 500. Hizo zote ni hesabu za mizani, kwa kuwa shekeli ilikuwa uzani. Lakini mafuta ya zeituni hayakutajwa kwa shekeli. Yalitajwa kwa hini, nayo hini ni chombo cha kupimia vitu vya majimaji. Katika agizo moja, basi, mna vipimo vya namna mbili: vikavu kwa uzani, mafuta kwa ujazo. Ndivyo watu wengi wa kale walivyofanya, na sababu yake ni nyepesi. Manukato yenye vipande vikubwa na vidogo hayajai chomboni sawasawa, lakini mafuta hujaza kila pembe. Kadhalika katika Injili ya Luka, sura ya 16, wakili aliyeshtakiwa alimkuta mdeni wa mafuta anayedaiwa bathi mia, nayo bathi pia ni chombo. Wenye elimu ya mambo ya kale wengi huikadiria kuwa lita ishirini na kitu, yaani kama debe letu na zaidi kidogo. Deni la madebe mia si deni la mtu mdogo.

Taabu ilianza pale watu walipotaka kuchanganya hesabu hizi mbili, na walioona taabu hiyo mapema ni waganga. Palikuwa na mganga mkuu jina lake Galen, aliyezaliwa mwaka 129 katika mji wa Pergamo, mji ule ule uliotajwa katika Ufunuo wa Yohana. Alikwenda Roma, akawatibu wakubwa, akaandika vitabu vingi kwa Kiyunani. Katika kimoja alisema kwamba Warumi walipima mafuta kwa pembe ya mnyama, iliyochorwa mistari nje kuigawa sehemu kumi na mbili. Kila sehemu waliiita wakia, na pembe nzima waliiita ratili. Lakini Warumi hao hao walikuwa na wakia na ratili za mizani, za kupimia dhahabu na nyama. Jina lilikuwa moja, mambo mawili. Galen akalalamika kwamba waandishi wa dawa walisema tu „weka wakia kadhaa za mafuta”, wasiseme kama ni wakia za pembe au za mizani. Asiridhike na maneno. Akayaweka mafuta juu ya mizani, akaona kwamba wakia 12 za pembe zilikuwa na uzito wa wakia 10. Aliyeandika dawa kwa pembe, na mwingine akaipima kwa mizani, walipishana sehemu moja katika sita, na katika dawa hiyo ni tofauti kubwa.

Tena katika orodha za kale za waganga imo hesabu ya chombo kimoja cha Kirumi kikijazwa vitu vitatu kwa zamu: divai wakia 20, mafuta wakia 18, asali wakia 30. Ukizipeleka hesabu hizo kwenye mizani ya leo hutaona wamekosea sana. Mafuta kwa maji ni kama 92 kwa 100, wao walisema 90. Asali ni kama 142 kwa 100, wao walisema 150.

Huenda msomaji akashangaa kwa nini nimeandika „wakia” na „ratili” katika habari za Warumi, kana kwamba walisema Kiswahili. Nimefanya hivyo kwa kusudi. Neno letu wakia limetoka kwa Waarabu, nao Waarabu walilipata kwa Wayunani na Warumi. Ni jina lile lile la sehemu ya kumi na mbili ya ile pembe. Ratili nayo ni neno la Kiarabu lililotoka katika neno la Kiyunani litra. Na lita, ambayo Wafaransa waliipa jina walipoweka vipimo vyao vipya mwaka 1795, imetoka katika neno hilo hilo la Kiyunani kwa njia nyingine. Ratili na lita ni ndugu wa tumbo moja. Mmoja alikwenda Uarabuni akawa uzani, mwingine alikwenda Ufaransa akawa ujazo, kisha wakaja kukutana tena huku kwetu, kaunta moja, mbele ya mama mwenye chupa mkononi.

Sasa tuje pwani. Zamani Unguja na miji ya mrima walikuwa na uzani wa namna hii. Wakia moja ilikuwa uzito wa reale moja ya fedha, ile reale yenye sura ya malkia Maria Theresa wa Austria. Wakia 16 zilifanya ratili, ratili 3 zilifanya mani, na mani 12 zilifanya frasila. Basi frasila moja ilikuwa ratili 36. Reale ile ina uzito wa gramu 28 na sehemu ndogo; ukizidisha utapata ratili ya gramu 449, na frasila ya kilo 16 na gramu 160 hivi. Wafanya biashara wa Kizungu waliandika katika vitabu vyao kwamba frasila ni ratili 35 za Kiingereza, yaani kilo 15 na gramu 875. Tazama tofauti: karibu gramu 290 katika kila frasila. Katika pembe za ndovu, zilizouzwa kwa frasila, si tofauti ya kudharauliwa.

Kwa vitu vya kupimwa kwa chombo walikuwa na kibaba na pishi. Vibaba viwili ni kisaga, visaga viwili ni pishi. Kibaba cha mchele kilihesabiwa kuwa ratili moja na nusu hivi, na pishi ratili sita, ingawa kila mji ulikuwa na pishi yake, na mgeni asiyeuliza alijuta. Tena kulikuwa na kibaba cha tele, kilichojazwa mpaka nafaka ikafanya kilele, na kibaba cha mfuto, kilichofutwa juu kwa mkono au kwa kijiti. Watu walipatana kabla ya kupima kama ni cha tele au cha mfuto, na ugomvi mwingi wa sokoni ulikuwa katika neno hilo. Lakini mafuta hayana kilele. Mafuta kila siku ni mfuto. Kwa sababu hiyo mtu aliyezoea kuhesabu kibaba kuwa ratili moja na nusu, kwa kuwa ndivyo alivyozoea katika mchele, hakuweza kuichukua hesabu hiyo akaitia katika mafuta. Uzito wa kibaba cha mchele ulikuwa na kilele ndani yake.

Mafuta yenyewe yalipatikana kwa kazi ngumu. Unguja na Lamu walishindika ufuta katika kinu kikubwa cha mti, ngamia akizunguka huku amefungwa kitambaa machoni. Katikati ya karne ya 19 merikebu za Wafaransa zilikuja pwani yetu kuchukua mbegu za ufuta, kuzipeleka Marseille ziwe mafuta na sabuni. Huku bara hatukuwa na ngamia. Mama alikaanga mbegu kidogo, akazitwanga katika kinu cha nyumbani, akatia maji ya moto, akachemsha polepole, akaengua mafuta yaliyoelea juu. Nusu ya uzito wa mbegu za ufuta ni mafuta, ila kwa kutwanga na kuengua hayatoki yote. Mafuta ya mbarika yalifanywa vivyo hivyo, nayo yalikuwa ya kujipaka na ya dawa.

Bonde letu la Kilombero, ambalo wazee na vitabu vya zamani huliita pia Ulanga, halikuwa nje ya biashara ya pwani. Wandamba walikuwa na mitumbwi yao na samaki, Wambunga na Wapogoro na Wabena walikuwa na mashamba, na wakati wa mafuriko mto wenyewe ulikuwa njia. Pembe, mpira wa mwituni, nta na mpunga vilishuka. Nguo, chumvi na shanga vilipanda. Frasila ilikuja na wenye biashara. Mtu wa Ifakara aliyeuza nta alijifunza frasila kabla ya kujifunza kilo.

Kilo ililetwa na Wadachi. Wao katika nchi yao walikwisha kuacha vipimo vya kale, wakashika vya Kifaransa tangu mwaka 1872, na boma la Mahenge lilipimwa vitu kwa kilo. Reale ikapungua, ikaingia rupia. Hapa pana jambo moja zuri kwa mwenye kupenda hesabu: rupia ya fedha, ya Kihindi na ya Kidachi pia, ilikuwa na uzito wa gramu 11 na sehemu 66 katika mia, na huo ndio uzito uitwao tola, ambao Wahindi walipimia dhahabu, uturi na dawa. Kwa hiyo mwenye duka la Kihindi aliyekosa vijiwe vya mizani hakukosa uzani, maana alikuwa nao mfukoni. Kiasi kidogo cha mafuta mazuri kiliweza kupimwa kwa rupia moja, mbili, tatu. Rupia tano ni gramu 58 na robo na kitu.

Vita vya Maji Maji vya mwaka 1905 na vita kuu iliyofuata viliharibu mambo mengi katika bonde, na sitaki kuyasimulia hapa, kwa kuwa yamesimuliwa na wengine. Wabelgiji waliiingia Mahenge mwezi wa Oktoba 1917. Baada ya hapo ikaja serikali ya Kiingereza, na pamoja nayo ratili ya Kiingereza, painti na galoni. Na mwaka 1921 ikaja shilingi. Kilo ikarudi kabatini mpaka baada ya Uhuru.

Lakini chombo kilichotawala bonde zima hakikuletwa na serikali yo yote. Kililetwa na mafuta ya taa. Nasema habari za debe.

Jina debe ni la Kihindi. Kitu chenyewe kilitoka Marekani, kikiwa bati la pembe nne, mawili mawili katika sanduku la mbao. Mafuta ya taa yalipokwisha, bati halikutupwa. Lilichotea maji, lilipimia mpunga, lilipikia pombe, lilifunika paa, na likakatwa kuwa vikopo na vibatari. Nyumba isiyokuwa na debe ilikuwa nyumba maskini kweli. Na kwa sababu lilikuwa na ukubwa mmoja kila mahali, likawa kipimo. Pishi ya Kilwa haikuwa pishi ya Unguja, lakini debe la Ifakara lilikuwa debe la Mombasa.

Debe lilihesabiwa kuwa galoni 4 za Kiingereza. Katika sheria ya Kiingereza ya mwaka 1824 galoni ilipangwa iwe chombo cha kuchukua ratili 10 za maji, kwa hiyo debe la maji lilikuwa ratili 40. Hesabu nzuri, nyepesi hata kwa mtoto wa darasa la pili. Lakini galoni ya mafuta ya ufuta ina ratili 9 na sehemu mbili katika kumi. Debe la ufuta, basi, ni ratili 36 na wakia 13 hivi. Sasa kumbuka frasila: ratili 35 kwa hesabu ya Wazungu, au karibu ratili 35 na robo tatu kwa hesabu ya reale. Debe na frasila vilikaribiana mno, na vitu vinavyokaribiana ndivyo vinavyodanganya. Tuseme mtu wa bondeni alileta debe lililojaa mafuta ya ufuta, naye mwenye duka akanunua kwa bei ya frasila moja ya ratili 35, mizani isiguswe. Muuzaji alitoa ratili 1 na wakia 13 bure. Je, hizo ni nyingi? Chupa ya kawaida ya zamani, ile ya divai na wiski, ilikuwa sehemu ya sita ya galoni. Ndiyo sababu debe lilihesabiwa chupa 24. Chupa hiyo ikijazwa mafuta ya ufuta, mafuta yake ni ratili 1 na wakia 8 na nusu. Kwa hiyo alitoa chupa nzima na zaidi, katika kila debe.

Na kama debe lilikuwa la Kimarekani halisi, hasara ilikuwa kubwa zaidi. Maana galoni ya Marekani si galoni ya Uingereza, nalo bati lile lilifanywa kuchukua galoni 5 za Kimarekani. Ukizigeuza ni lita 18 na mililita 927, na galoni 4 za Kiingereza ni lita 18 na mililita 184. Ziada ni mililita 743, na chupa ile ya zamani ni mililita 758. Chupa nyingine tena, kasoro vijiko vitatu vya chai! Bila shaka bati lililojaa mpaka mdomoni halibebeki kichwani njia ndefu, na wengi hawakulijaza hivyo. Hata hivyo mwenye duka aliyenunua kwa debe la Kimarekani, akauza kwa chupa, alipata chupa ya ishirini na tano karibu nzima, wala hakumdanganya mtu. Debe ndilo lililomfanyia kazi.

Mafuta ya taa ni mepesi kuliko ya kula. Debe lake ni ratili 32 hivi. Asali ni nzito, debe lake lafikia ratili 56 na zaidi, na mpagazi aliyekubali kuchukua debe la asali kwa ujira wa debe la mafuta alikuwa hajui kitu, au alikuwa na njaa.

Waingereza walituletea shida ya Galen upya, tena kwa jina lile lile. Walikuwa na wakia ya mizani, sehemu ya kumi na sita ya ratili, na wakia ya chombo, sehemu ya ishirini ya painti. Kwa maji hakuna neno: wakia moja ya chombo ikijazwa maji ina uzito wa wakia moja. Kwa mafuta sivyo. Wakia ya chombo ya mafuta ya ufuta ni gramu 26, na wakia ya mizani ni gramu 28 na theluthi. Mafuta ya mbarika ni mazito kidogo, gramu 27 na robo. Chupa za dawa zilichorwa mistari ya wakia ubavuni, kama pembe ya Warumi, na mizani ya dawa ilikuwa na vijiwe vya wakia. Vyote viliandikwa neno moja.

Zaidi ya wakia kulikuwa na matone. Katika miaka ya 1920 waganga wa nchi nyingi za joto walitibu safura kwa mafuta ya chenopodium, mafuta makali ya mmea, ambayo kidogo chake huua minyoo na zaidi yake huweza kuua mtu. Dawa hiyo imeachwa siku nyingi, kwa kuwa zimepatikana zilizo bora. Lakini wakati ule watu wengine waliipima kwa kuhesabu matone. Tone la maji na tone la mafuta, yakidondoka kutoka katika kioo kimoja, si sawa. Maji hujishika pamoja kwa nguvu zaidi, tone lake hukua kabla ya kuanguka. Tone la mafuta huanguka mapema, uzito wake yapata nusu ya lile la maji. Aliyesoma kipimo katika kitabu, akakigeuza kuwa matone kwa hesabu ya maji, alimpa mgonjwa chini ya kiasi, minyoo ikabaki. Akitumia kioo chenye mdomo mpana, matone yalikuwa makubwa, na hatari ikawa upande mwingine. Ndipo waganga wakaacha matone, wakashika bomba lenye mistari.

Tena yafaa kujua kwamba uzito wa lita ya mafuta hautulii mahali pamoja. Joto huyafanya mafuta kutanuka. Kwa kila digrii moja ya joto hupungua kama sehemu 7 katika elfu kumi. Mafuta yaliyopimwa asubuhi ya baridi huko Mahenge mlimani, kisha yakapimwa mchana wa Novemba huku Ifakara, joto likiwa limezidi digrii 15, yataonekana yameongezeka kwa chombo sehemu moja katika mia, na kwa mizani hayakuongezeka hata chembe. Mafuta ya nazi yana tabia yao zaidi: chini ya digrii 24 hivi huganda, na yaliyoganda hayapimiki kwa chupa sawasawa. Nayo mawese huganda nusu, sehemu ya chini ikawa nzito na ya juu ikawa nyepesi. Asiyeyayeyusha na kuyakoroga kabla ya kupima auza mafuta mawili kwa bei moja.

Mtu atauliza, nitajuaje uzito wa mafuta yangu, nami sina kitabu cha hesabu hizi? Njia ni rahisi, nayo yafaa kufanywa na watoto wa shule. Chukua chupa kavu, ipime tupu. Ijaze maji mpaka alama, ipime. Mwaga maji, ikaushe kabisa, ijaze mafuta mpaka alama ile ile, ipime. Tuseme chupa tupu ni gramu 400, yenye maji ni gramu 1150, yenye mafuta ni gramu 1090. Maji yalikuwa gramu 750, mafuta gramu 690. Gawanya 690 kwa 750, utapata sehemu 92 katika mia. Tangu hapo kila kipimo cha chombo chaweza kugeuzwa: zidisha mililita kwa 92, gawanya kwa 100, ndizo gramu.

Kwa kiasi kidogo, kama kijiko, mizani ya duka haiwezi kuona kitu. Usipime kijiko kimoja. Mimina vijiko 20 katika chombo kilichokwisha kupimwa, upime vyote, ugawanye kwa 20. Kijiko cha chai cha mililita 5 kitakupa gramu 4 na sehemu sita katika kumi. Kijiko kikubwa cha mililita 15 kitakupa gramu 14 kasoro kidogo. Vijiko vya nyumbani havifanani, kwa hiyo kila mtu na apime chake.

Leo tumerudi kwenye kilo na lita. Iko Sheria ya Vipimo ya mwaka 1982, na tangu mwaka 2002 uko Wakala wa Vipimo, ambao kazi yake ni kukagua mizani na vyombo vya biashara na kuvitia alama. Alama hiyo yaonyesha kwamba chombo cha lita ni lita kweli, na mizani ya kilo ni ya kilo kweli. Haigeuzi lita kuwa kilo. Hesabu hiyo imeachwa kwa mnunuzi na muuzaji, kama siku za debe.

Jambo la mwisho ni la sabuni, maana vikundi vingi vya akina mama sasa hutengeneza sabuni vijijini. Karatasi za mafundisho husema kilo moja ya mafuta ya nazi yataka gramu 183 za magadi makali ya dukani ili yageuke yote kuwa sabuni. Fundi mwenye busara hupunguza sehemu tano katika mia, atie gramu 174, ili mafuta kidogo yabaki na ngozi isiungue. Lakini kikundi kisicho na mizani ya mafuta hupima lita moja kwa chupa ya maji na kuiita kilo. Lita hiyo ni gramu 920, na magadi yanayoitosha ni gramu 168 tu. Wametia 174. Ile sehemu ya usalama imekwisha kuliwa yote na chupa, na zaidi ya gramu 5 za magadi zimebaki bila mafuta ya kuyashika. Sabuni hiyo hutoka nyeupe, ngumu, ya kupendeza macho, nayo hubabua mikono ya mwenye kufua.